Umetolewa goita? Kovu likikauka usidhani mambo yameisha

Mwezi wa kwanza, joto la Dar unalijua, feni ya kliniki inazunguka ila inachosukuma ni hewa ya moto tu, akaingia mama mmoja kavaa sweta na juu ya sweta kajifunga kitenge. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa sauti nzito inayojivuta kama redio kaseti iliyoishiwa betri. Uso umejaa, macho yamevimba, akianza sentensi binti yake ndo anamalizia. Tulimfanyia operesheni ya goita miezi mitano nyuma, tezi ikatolewa yote. Nikamuuliza vidonge unaendeleaje navyo mama, akasema, "Niliacha baba, si nilishapona? Hebu angalia mwenyewe kovu lilivyokauka." Na kweli kovu lilikuwa limekauka vizuri mno, mstari mwembamba kwenye mkunjo wa shingo, mwenyewe nilijisifia kimoyomoyo. Shida haikuwa kwenye kovu.

Mgonjwa wa namna hiyo tunampata sana kwenye kitengo chetu cha upasuaji, ndo maana nimeona niandike kwa kirefu kidogo. Watu wanaihofia operesheni mpaka hawalali, ikishapita salama wanaona habari imeisha.

Sehemu ya lawama naiweka kwenye jina. Ukisema "tezi" mtaani watu wanawaza tezi dume, kuna mama aliniambia majirani walimcheka eti mwanamke anaumwaje tezi. Wengine wanachanganya na tonsesi, wanadhani ni kitu cha kooni kinachosumbua, unakikata, unatupa, unakula aiskrimu, basi. Sasa hii ya shingoni, ile wazee wa pwani wanaita rovu ikivimba, sio ya kutupa hivi hivi. Ipo mbele ya koromeo, ina umbo kama kipepeo, kwa mtu mzima ina kama gramu 15 mpaka 25 tu, ila inatengeneza homoni inayouambia mwili mzima uende spidi gani: moyo, choo, hedhi, ngozi, akili, joto la mwili, vyote vinaisikiliza. Ukiitoa yote spidi inashuka na hairudi yenyewe.

Hili madaktari walijifunza kwa uchungu. Kule Uswisi kwenye jiji la Bern alikuwepo daktari wa upasuaji anaitwa Theodor Kocher, fundi kweli kweli, alikuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake ya tezi hii. Mwaka 1883 alieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wake aliowatoa tezi yote, ambao vidonda vyao vilipona safi, walirudi wamevimba, wazito, wanahisi baridi, akili imepoa. Yaani yule mama wangu wa sweta kabisa, miaka zaidi ya mia nyuma. Kipindi hicho dawa hakuna. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, akaanza kumchoma mgonjwa wake mmoja sindano za majimaji ya tezi ya kondoo, na mgonjwa huyo akaishi miaka mingine 28. Leo we unapewa kidonge kidogo cheupe, levothairoksini, homoni ileile ya tezi, halafu unakisahau kabatini!

Turudi mwanzo, siku zile za wodini. Masaa 24 ya kwanza tunachoogopa zaidi ni damu kuvujia ndani ya shingo, ndo maana sista anakuja kila saa anakumulika shingoni mpaka unakereka, mwache akumulike. Haitokei mara nyingi, ila ikitokea inabana njia ya hewa haraka. Ukiona shingo inavimba kwa kasi, bandeji inabana, pumzi inakata, sema hapohapo, na kama ushafika nyumbani usisubiri kukuche wala usianze kutafuta nauli ya bei nafuu, rudi hospitali.

Koo kuuma na sauti kukwaruza siku mbili tatu ni ule mpira wa kupumulia uliowekwa wakati wa usingizi. Sauti ikiendelea kuwa ya upepo au ya chini kwa wiki kadhaa hiyo ni habari nyingine. Nyuma ya tezi inapita mishipa ya fahamu ya sauti, mmoja kila upande, myembamba kama uzi, na hata ikihifadhiwa vizuri inaweza kuvutwa kidogo ikapata ganzi. Mara nyingi inarudi, wiki kadhaa au miezi, wengine mpaka karibu mwaka, ila usikae kimya nyumbani ukisubiri, ikipita wiki mbili hujaona nafuu rudi tukuangalie koo kwa kamera. Na kama ukinywa maji yanakupalia, inamisha kidevu unapomeza, utaona tofauti. Wanakwaya wana kilio chao cha peke yake, ya kuongea inarudi vizuri ila noti za juu zinagoma, hiyo inatokana na kamshipa kengine ka juu zaidi, kwahiyo kama unaimba soprano au unaishi kwa sauti, mwalimu, konda, muuza mitumba wa kupiga kelele, mwambie daktari KABLA ya operesheni sio baada.

Kinachowashtua wengi ni kalsiamu. Nyuma ya tezi kuna vitezi vingine, kwa kawaida vinne, vidogo kama punje ya mchele, kazi yao kushikilia kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Wakati wa operesheni vinaweza kutikiswa au kukosa damu vikazimia kwa muda. Siku ya pili ya tatu hivi unaanza kuhisi vitu kama sisimizi wanatembea kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, alafu mikono inakaza. Nimewahi kusikia ndugu wakisema ni majini, mgonjwa anakunja vidole kama kashikwa, wakamtoa nje ya mji kwenda kuombewa. Maombi hayana shida ila mpelekeni hospitali kwanza, achomwe kalsiamu, mara nyingi vidole vinaanza kulegea mkiwa mmesimama hapohapo mnaangalia. Wengi wanahitaji vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa wiki au miezi michache tu, wachache inabidi waendelee navyo maisha.

Nyumbani. Lala mto umeinuka, kula laini siku za mwanzo, uji, mtori, ndizi za kuponda, sio kwa sababu kidonda kipo kooni, hakipo, ni vile kumeza kunavuta. Geuza shingo taratibu kushoto kulia kila siku, wale wanaoikaza kama wamevaa pingu ya shingo ndo wanaochelewa. Na ndoo ya maji kichwani jamani hapana, kama wiki mbili mpaka tatu hivi, wala gunia, wala kumbeba mtoto mgongoni ukifunga khanga kwa juu. Wanaume mliozoea kubeba saruji na nyie mmesikia. Kazi ya ofisini wengi wanarudi baada ya wiki moja au mbili. Gari au bodaboda endesha ukishaweza kugeuka kuangalia nyuma bila maumivu.

Kovu, usipake majivu, wala dawa ya meno, wala mafuta ya taa (ndiyo, nimeyaona yote). Ngozi zetu zina tabia ya kuota makovu manene, keloidi, kwahiyo kama kwenu mna historia hiyo sema mapema, kuna jeli za silikoni na sindano zinazosaidia zikianza mapema. Likinge na jua miezi ya mwanzo, mtandio tu unatosha.

Sasa kidonge. Hapa nitakaa kidogo.

Ukitolewa tezi yote kidonge ndo tezi yako, hakitibu ugonjwa kikamaliza, kinajaza pengo na pengo halizibi. Dozi inaanza kukadiriwa kwa uzito, kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo, mtu wa kilo 65 anaangukia kwenye 100 hivi, mzee au mwenye moyo mbovu anaanzia chini maana moyo hautaki kushtuliwa. Baada ya wiki 6 mpaka 8 unapima damu, kipimo kinaitwa TSH, dozi inapandishwa au kushushwa, unapima tena, ikitulia unakuja mara moja mbili kwa mwaka. Usichukue dozi ya jirani. Ikizidi utajijua, moyo unakimbia, jasho, mikono inatetemeka, usingizi hamna, na kuna wadada wanaizidisha makusudi wapungue mwili, hiyo ni kuchezea moyo na mifupa.

Kinachowadanganya watu ni hiki: homoni hii inakaa mwilini muda mrefu, inachukua kama wiki nzima kupungua nusu. Kwahiyo ukiacha leo, kesho uko poa, keshokutwa uko poa, wiki inakatika unajiambia aah kumbe nilikuwa nasumbuliwa bure. Hakuna maumivu ya kukukumbusha. Inaingia pole pole, uchovu unasema ni kazi, choo kigumu unasema ni ugali, hedhi nzito unasema ni umri, nywele zinakatika unasema ni rasta, mpaka siku unavaa sweta mwezi wa kwanza. Ukisahau siku moja wala usipaniki, meza ukikumbuka uendelee.

Namna ya kumeza nayo ina mambo yake. Tumbo tupu, maji matupu, subiri nusu saa mpaka saa nzima ndo chai. Chai ya maziwa asubuhi ndo adui mkubwa wa hiki kidonge hapa kwetu, na kahawa, maana vinakizuia kunyonywa, unameza 100 inaingia pungufu alafu unamlaumu daktari. Kalsiamu, vidonge vya kuongeza damu na dawa za kutuliza tindikali ya tumbo vikae mbali nacho masaa manne. Mi wagonjwa wangu nawapangia hivi: tezi saa 11 alfajiri ukiamka kuswali au kuwasha moto, chai saa 12, kalsiamu kuanzia saa 3. Ramadhani inawezekana kabisa kufunga, unameza usiku kabla ya kulala ikiwa yamepita masaa matatu tangu ulipokula, au unaamka nusu saa mpaka saa nzima kabla ya daku, chagua moja usibadilishe kila siku. Na kisikae dirishani wala juu ya friji, joto na mwanga vinakiharibu.

Ukigundua una mimba USIACHE, tena njoo mapema maana dozi inatakiwa kupanda, mtoto miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama. Kunyonyesha hakuna shida.

Vyakula: naulizwa kila siku dokta nisile mihogo, nisile kabichi? Hofu hiyo ina mzizi wa kweli, nyanda za juu kama Njombe, Makete, Rukwa, udongo una upungufu wa madini joto (iodini), na mihogo inaongezea tatizo kwa mwenye tezi inayohangaika. Ila kama yako imetolewa yote, muhogo utaidhuru tezi ipi? Kula. Chumvi yenye madini joto tumia kwa ajili ya familia nzima ila haiwezi kuchukua nafasi ya kidonge, hakuna kiwanda tena cha kuitumia hiyo malighafi. Wanaotumia vitamini za kukuza nywele zenye bayotini, acha siku mbili tatu kabla ya kupima damu, zinavuruga majibu.

Waliotolewa kwa sababu ya saratani wengine wataelekezwa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar, kumeza iodini ya mionzi, hapo maelekezo yanageuka kidogo, hiyo chumvi na samaki wa bahari utaambiwa uache kwa wiki moja au mbili kabla, na mimba inasubirishwa miezi 6 mpaka mwaka. Fuata ya kwao.

Yule mama nilimrudishia dawa taratibu, baada ya miezi miwili alikuja mwenyewe kwa daladala, akanigombeza kwamba foleni yetu ndefu. Nikafurahi sana kugombezwa.

La mwisho ambalo naliona dogo ila linatutesa: wagonjwa wengi hawajui walitolewa nusu au yote. Wa nusu wengi hawahitaji kidonge, wanapima tu TSH mara kwa mara, wa yote ni wa maisha, na mtu akihamia Mwanza au Mombasa daktari mpya anabaki kubahatisha kwa kuangalia kovu ambalo halisemi kitu. Kwahiyo uliza kabla hujatoka wodini, nusu au yote, majibu ya maabara ya kile kinyama yalisemaje, dozi ngapi, alafu piga picha hiyo karatasi ya ruhusa uitume na kwa mtu mwingine wa familia, maana karatasi zenyewe mnazihifadhi chini ya godoro, na panya mnawajua.