Rangi juu ya zege: dhana potofu kuhusu michoro ya ukutani

Dhana: Majengo ya kisasa ni meupe, rangi huyaharibu.
Lawama nyingi nazielekeza kwa picha za zamani zisizo na rangi. Nyumba alizojenga msanifu majengo Le Corbusier huko Pessac, Ufaransa, miaka ya 1920, zilipakwa buluu, kijani na hudhurungi. Magazetini zikaonekana kijivu tu.

Dhana: Mchoraji huitwa jengo likishakamilika.
Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na matokeo yake tunayaona: ukuta umebandikwa picha ambayo ingeweza kukaa popote. Msanifu majengo Carlos Raúl Villanueva alikataa mtindo huo alipobuni chuo kikuu cha Caracas, Venezuela, kuanzia miaka ya 1940. Aliwaita mapema wasanii dhahania, yaani wanaotumia maumbo na rangi bila picha ya kitu: Mateo Manaure na Alejandro Otero wa nchini mwake, pamoja na Fernand Léger, Victor Vasarely na Alexander Calder kutoka nje. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo wa chuo katika Urithi wa Dunia.

Kisa cha Calder ndicho kinachonifurahisha zaidi. Ukumbi mkuu, Aula Magna, ulihitaji vibao vya kutuliza mwangwi. Kazi ya Calder, ambayo awali haikukusudiwa kukaa ndani ya ukumbi, ikaunganishwa na hesabu za wahandisi wa sauti. Yakatokea "mawingu" ya mbao yenye rangi, yanayoning'inia darini na kutokeza kutani. Ukiyaondoa leo, hutapoteza pambo tu. Hata muziki utasikika vibaya.

Dhana: Mchoro wa ukutani ni rangi na brashi.
Jua la tropiki hupausha rangi ya kupaka, na mvua huingia kwenye plasta na kuibambua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi za nje pale Caracas ni mozaiki ya vipande vidogo vya kioo au kauri. Rangi ya kioo imo ndani ya kioo chenyewe, kwa hiyo jua haliifikii kirahisi. Vasarely yeye alitumia hata vipande vya alumini.

Dhana: Maumbo yasiyo na picha ya kitu hayana kazi.
Simama mbele ya ukuta mrefu wa zege tupu, kisha ule uliogawanywa kwa mapande ya rangi. Nyekundu na njano husogea kwa mtazamaji, buluu hurudi nyuma, na ukuta mzito huonekana mwepesi. Otero aliitumia hila hiyo kwenye kuta za kitivo cha usanifu majengo. Ukuta wa Léger wenye mchoro pande zote mbili hubadilika kadiri unavyouzunguka.

Dhana: Mozaiki hudumu milele.
Kioo hudumu, kinacholegea ni saruji iliyokishika. Maji yakipenya nyuma, chuma cha ndani hushika kutu, huvimba na kupasua zege, kisha vipande hudondoka. Mwaka 2020 sehemu ya paa la njia za watembea kwa miguu chuoni hapo iliporomoka. Anayeagiza mozaiki leo aanze na paa na mifereji ya maji, halafu ndipo achague rangi.