Makauboi hawakuwa Wazungu watupu: dhana potofu kuhusu filamu za zamani za Western

Dhana: Makauboi halisi walikuwa Wazungu, kwa hiyo filamu zilionyesha tu hali ilivyokuwa.

Ukweli: Kazi yenyewe ilitoka Mexico. Wachunga ng'ombe wa huko ndio waliowafundisha walowezi wa Texas kurusha kitanzi wakiwa juu ya farasi, kisha kuzungusha kamba kwenye kipembe cha mbele cha tandiko ili nguvu za ng'ombe zimwishie farasi, si mkono wa mpandaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipomalizika mwaka 1865, watu weusi waliotoka utumwani Texas wakiwa tayari mafundi wa mifugo walijiunga na misafara ya kuswaga ng'ombe hadi kwenye vituo vya reli vya Kansas. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Bill Pickett, kauboi mweusi mzaliwa wa Texas, alikuwa akiruka kutoka kwenye farasi anayekimbia, anamkamata fahali pembe, anamsokota shingo na kumng'ata mdomo wa juu mpaka aanguke. Mtu wa namna hiyo kuachwa nje ya hadithi ni uamuzi wa watu, wala si bahati mbaya.

Dhana: Mtu mweusi hakuwahi kuwa stelingi.

Ukweli: Pickett mwenyewe aliigiza katika The Bull-Dogger mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1937 Herb Jeffries akawa kauboi mwimbaji katika Harlem on the Prairie. Tatizo lilikuwa usambazaji: filamu hizi zilitengenezwa kwa bajeti ndogo na zilionyeshwa hasa katika kumbi za sinema za watu weusi, kwa hiyo watazamaji wengi hawakujua hata kama zipo. Katika Sergeant Rutledge ya mwaka 1960, Woody Strode, mwigizaji mweusi, ndiye anayeibeba hadithi nzima, lakini jina lililotangulizwa ni la Mzungu, Jeffrey Hunter.

Dhana: Wazungu walipewa nafasi za Wenyeji wa Amerika kwa sababu Wenyeji wenyewe hawakuwa na waigizaji.

Ukweli: Walikuwapo tangu mwanzo. James Young Deer aliongoza White Fawn's Devotion mwaka 1910, na Lillian St. Cyr, wa watu wa Ho-Chunk, aliigiza nafasi kubwa katika The Squaw Man ya mwaka 1914. Baadaye studio zilitaka majina yanayouza tiketi, na Wenyeji wakasukumwa kwenye makundi ya wapanda farasi wasio na majina. Tazama The Searchers ya mwaka 1956: chifu wa Wacomanche ni Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin, na kamera ikimsogelea unayaona macho yake ya bluu. Wanaomfuata nyuma ni Wanavajo, kabila jingine la Wenyeji, kwa kuwa filamu ilipigwa kwenye bonde la Monument Valley, kwenye ardhi yao. Katika Cheyenne Autumn ya mwaka 1964, machifu wawili wakuu waliigizwa na Ricardo Montalbán na Gilbert Roland, wote wazaliwa wa Mexico, huku Wanavajo wakizungumza Kinavajo kana kwamba ni Kicheyenne.

Dhana: Angalau mavazi yalikuwa sahihi.

Ukweli: Mara nyingi hapana. Kilemba kirefu cha manyoya ni cha makabila ya Wenyeji wa nyanda za kati za Amerika Kaskazini, kama Walakota na Wacheyenne. Ukimwona Mwapache, mtu wa kusini-magharibi, amekivaa, au anaishi kwenye kijiji cha mahema marefu ya ngozi badala ya vibanda vya matawi, mara nyingi mavazi na mandhari vimechukuliwa kutoka kwa watu wengine.