Safari tuliyoipima kwa tangi la choo

Watu wakisikia kwamba mimi na mke wangu tulizunguka Colorado, Utah na Arizona kwa gari-nyumba Septemba 2020, korona ikiwa imepamba moto, huuliza habari za mafuta. Gari lilikuwa linakula, sikatai: kilomita nne kwa lita, na upepo ukija wa mbele hata hizo hazifiki. Lakini kilichoamua tulale wapi na tuondoke lini ni tangi la choo. Mimi ni fundi bomba hapa Denver, kwa hiyo nivumilieni. Leo ni habari za maji na mavi.

Tulikodi kwa sababu ile ile ya wengi mwaka ule. Hoteli tuliziogopa, ndege tuliziogopa zaidi, na kambi nyingi zilipofunguliwa tena ziliacha vyoo na mabafu ya pamoja yamefungwa. Nyingine zilipokea tu magari yenye choo chake. Choo ndicho kilichokuwa viza yetu.

Chini ya sakafu kuna matangi matatu. La maji safi, letu lilichukua kama lita 150, yaani kilo 150, na kwenye kona unazisikia. La pili hupokea maji ya sinki na bafu. La tatu ni la choo peke yake. Choo chenyewe hakina ule mkunjo wa bomba unaotuamisha maji kama cha nyumbani. Kina kizibo tu. Unakanyaga pedali, kizibo kinafunguka, mzigo unadondoka tangini.

Siku ya pili, karibu na mji wa Moab, Utah, mke wangu akatoka chooni ameziba pua. "Baba Neema, miaka yote unatengeneza vyoo vya watu, hiki kimekushinda?"

Nikachungulia kwa tochi. Mle ndani kulikuwa na kichuguu. Kichuguu kabisa, kikavu, ncha yake inakaribia kizibo. Aliyekodi kabla yetu alikuwa ameunganisha mpira kwenye shimo la maji taka, akaacha valvu wazi siku zote kama yuko kwake. Ukifanya hivyo maji hukimbia peke yake, vigumu vinabaki, karatasi inavishikamanisha, jua linamalizia kazi. Valvu ya choo hukaa imefungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili. Hapo unaifungua yote kwa mara moja, maji yakasomba kila kitu. Ndipo unafungulia tangi la sinki, maji yake ya sabuni yasuuze mpira. Ukianza na la sinki, mpira utaurudisha garini na uchafu wake.

Dawa yangu ilikuwa ndoo tatu za maji, sabuni ya vyombo, na barabara yenye mashimo. Kulala na kuamka, mtikisiko ulikuwa umeshakimega nusu.

Harufu iliyobaki ilikuwa kosa letu wenyewe. Feni ya paani inavuta hewa kuitoa nje. Madirisha yakiwa yamefungwa, hewa ya kuingia itatafuta njia nyingine, na ukikanyaga pedali njia hiyo ni tangi la choo. Zima feni kwanza. Na zile taa za ukutani zinazoonyesha ujazo msiziamini hata kidogo: karatasi ikinata kwenye vipimo, tangi tupu litakwambia limejaa.

Kwa maji safi, mwalimu hakuwa mimi. Mke wangu amekulia Kongwa, kule Dodoma, ambako dumu moja lilikuwa la kuogea watu wanne. Analowa, anafunga bomba, anajisugua, anafungua tena, basi. Mimi fundi nilikuwa naoga kama sina mita. Alipochukua usukani wa maji tukashuka mpaka lita 30 kwa siku, wote wawili.

Kutoka Utah tukaingia ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Mwezi Mei, kwa kulinganisha na idadi ya watu, maambukizi yao yalikuwa yameipita New York. Monument Valley, bonde lao la miamba mirefu, lilikuwa limefungwa kwa watalii, na kulikuwa na wikiendi ambazo wenyeji walizuiwa kutoka nje kwa saa 57. Tulijaza mafuta mapema ili tupite bila kusimama. Kabla ya mji wao wa Kayenta tukajikuta nyuma ya pikapu yenye tangi jeupe la plastiki, maji yanaruka kifunikoni kila ikigonga shimo. Karibu theluthi moja ya nyumba za huko hazina maji ya bomba, na agizo la korona lilikuwa nawa mikono, nawa mikono.

"Kongwa hii," mke wangu akasema. Hatukuongea tena kwa muda mrefu.

Lango la mashariki la Grand Canyon, korongo kubwa la Arizona, lile lango linalopakana na Wanavajo, lilikuwa limefungwa, ikabidi tuzungukie mji wa Flagstaff. Huko ndiko nilikomwaga. Glavu, barakoa, valvu wazi, na kichuguu kikashuka kwa mshindo uliomfanya jirani ageuke. Nikafungulia maji ya kusuuzia, nikawa nasuuza tu, dakika ya tano, ya sita, mpira umeshatakata zamani.

Mama Neema akaja akafunga koki. "Yametosha," akasema, akarudi garini.