Weledi kwenye dirisha la dawa

Koti jeupe lililopigwa pasi, kuwahi kazini na cheti kilichotundikwa ukutani ni mambo mazuri, lakini hayatoshi kumfanya mtoa dawa awe mweledi. Sisi tunaowafundisha tunaangalia zaidi anavyofanya kazi pale ambapo mteja hana uwezo wa kumkagua. Fundi cherehani akikosea, suruali itakubana na utamrudishia. Mgonjwa aliyepewa maelezo nusu hana njia ya kujua. Anameza, anasubiri, na homa ikirudi anadhani ameumwa na mbu mwingine.

Tuchukue dawa mseto, ALu, ambayo Tanzania Bara iliifanya dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006 badala ya SP, dawa iliyotumika kabla yake. Mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara. Mtoa dawa anaweza kuandika 4x2 kwenye bahasha, akaita mgonjwa anayefuata, na hakuna atakayemlaumu. Lakini dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, na kuanzia siku ya pili ndipo inakuwa asubuhi na jioni. Aliyeanza saa nne asubuhi anatakiwa kumeza tena saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo. Tena ameze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu mwili huipokea dawa hii vizuri zaidi penye mafuta.

Kwa mtoto, dozi hufuata uzito: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kila mara, kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni viwili. Anayemtazama mtoto aliye mgongoni kwa mama yake akakisia kilo zake anabahatisha na afya ya mtu. Ashushwe, apimwe.

Maelezo yote hayo ni ya dakika chache tu, na foleni ikirefuka ndizo zinazokatwa kwanza. Najua dirisha la zahanati Jumatatu asubuhi lilivyo. Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba kuelekeza mgonjwa ni kazi ya ziada, ya kufanywa nafasi ikipatikana. Ndiyo kazi yenyewe.

Kukataa kuuza nako ni sehemu ya weledi, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mteja anasema, "Nipe rangi mbili za mia tano, nina mafua," akimaanisha vidonge vya antibayotiki vya rangi mbili. Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Vidonge viwili vitatu vinavyouzwa kwa rejareja havimtibu, na matumizi ya ovyo ya namna hiyo ndiyo yanayojenga usugu wa vimelea, hadi siku anapougua kweli dawa inakuwa haifanyi kazi. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, yana orodha ya dawa zinazoruhusiwa na watoa dawa waliopewa mafunzo, wajue pia wakati wa kusema, "Mama, kifua hiki kinahitaji kupimwa, mpeleke mtoto zahanati leo hii." Mwenye duka anayemgombeza mfanyakazi wake kwa sababu ya mauzo aliyoyaacha hivyo, naye anabeba lawama.

Halafu kuna suala la "dokta". Karibu kila anayesimama nyuma ya dirisha huitwa hivyo, na jina hilo linalevya. Mweledi husema wazi, "Mimi ni mtoa dawa, hilo aulizwe daktari," wala hapungukiwi heshima.

Faragha haina mjadala. Dawa ya ugonjwa wa zinaa haitangazwi mbele ya foleni. Mgonjwa husogezwa pembeni, sauti ikashushwa.

Baraza la Famasi, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, ndilo linalosimamia taaluma hii, na malalamiko ya wananchi yanaweza kupelekwa huko. Lakini mengi humalizika palepale dirishani. Kabla hujaondoka, uliza ni dawa gani, inamezwa saa ngapi, na ni dalili gani zikitokea urudi haraka. Ukifika nyumbani ukakuta hukuelewa, rudi uulize tena. Una haki ya kujibiwa bila kukaripiwa.