Je, wajua kwa nini dambeli ya mpini mnene inagoma kutoka chini?

Kwenye dunia ya wanyanyua vyuma kuna dambeli moja maarufu balaa, ilikuwa ya Muingereza mmoja anaitwa Thomas Inch, mwanzoni mwa karne ya 20 huko. Uzito wake kilo 78 hivi. Jamaa alikuwa anazunguka nayo kwenye maonyesho, anaweka dau la pauni 200 kwa yeyote atakayeiinua kwa mkono mmoja, watu wanakuja na vifua vyao wanavuta mpaka mishipa inawasimama shingoni na chuma kimelala vilevile. Sasa fikiria, mtu anayevuta kilo 156 kwa mikono miwili si kila mkono umebeba 78? Na watu wa kuvuta 156 wapo kibao, ila mpe hiyo ya Inch uone.

Mchawi ni mpini. Ule wa Inch una unene wa milimita 60, wakati chuma kirefu cha mashindano ya wanaume kina milimita 28. Ukipiga hesabu ya mzunguko wake, cha kawaida ni kama sentimita 9, cha Inch karibu 19. Na mkono wa mwanaume wa kawaida, kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, ni hizohizo 19 hivi, yaani kiganja na vidole vyote ukivinyoosha ndio vinatosha kuuzunguka mara moja, tena kwa shida.

Kwenye mpini mwembamba vidole vinazunguka chini mpaka vinarudi juu upande wa pili, vinakuwa ndoano kamili, afu kidole gumba kinakuja kinalalia juu yake kinafunga kufuli. Uzito unaning'inia karibu na shina la vidole, kazi kubwa inafanywa na mifupa na kano. Ukinenepesha mpini ndoano inafunguka, ncha za vidole zinaishia njiani, gumba linabaki peke yake upande wa pili halina kidole cha kukilalia. Na uzito wenyewe umesogea kuelekea kwenye ncha. Kila kidole ni wenzo, na kano zinazokivuta zimepita karibu kabisa na kiungo chake, kwa hiyo mzigo ukisogea mbali na kiungo hicho hata sentimita mbili tu, misuli ya kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, inabidi ivute kwa nguvu kubwa zaidi kushikilia kilo zilezile.

Afu misuli yenyewe nayo ina urefu wake inaoupenda. Ile inayokunja vidole haikai kiganjani, imekaa kwenye kigasha, na vidole vikiwa vimefunguka sana inakuwa imevutwa kupita pale inapotoa nguvu yake yote. Ndio maana mtu anabana vizuri zaidi kitu cha unene wa wastani, milimita 30 mpaka 40 hivi kutegemea ukubwa wa mkono, juu ya hapo nguvu inaanza kushuka. Wenye mikono mikubwa wanaonewa kidogo tu, wenye mikono midogo wanakiona cha moto, ndivyo maumbile yalivyoamua.

Halafu kuna kubingirika, na hapa ndipo wengi wanaachia. Ndoano ikishafunguka vidole vinakuwa kama mteremko, mpini unataka kuuteremka, na kwa kuwa dambeli ya Inch ni chuma kimoja kilichoshikana, zile tufe mbili za pembeni zinageuka pamoja na mpini, zikishaanza kuzunguka kuzisimamisha ni kazi. Unaona kabisa ncha za vidole zinafunguka kimoja kimoja, cha mwisho kikiachia dambeli iko chini.

Kwenye chuma kirefu angalau kuna ujanja, mkono mmoja unashika kwa juu mwingine kwa chini, huku kinataka kubingirikia mbele kule kinazuiwa. Mmarekani John Davis, bingwa wa Olimpiki wa 1948 na 1952, aliutumia ujanja huo mwaka 1949 alipoinua magurudumu ya Apollon, mbabe wa Kifaransa wa zamani, yaani ekseli ya kilo 166 yenye unene wa milimita 49 na magurudumu yasiyozunguka. Mikono yake haikuwa mikubwa, alijaribu zaidi ya mara moja, mwisho akavuta mkono mmoja ukiwa umegeuzwa halafu akaugeuza chuma kikiwa hewani kabla ya kukidaka mabegani! Na huyu ndiye aliyekuja kuinua kilo 182 mwaka 1951 kwa chuma cha kawaida. Kwenye dambeli mkono ni mmoja, hakuna wa kumsaidia mwenzake.

Kitu kingine ambacho watu hawakisemi, unene unaumiza kwenye kuvuta tu. Kwenye kusukuma, mfano umelala benchi, chuma kimekaa juu ya kiganja na mifupa inakibeba, vidole vinazuia tu kisiteleze. Kwa hiyo anayekuuzia mipira ya kunenepesha mipini akikuahidi kifua kipana, mimi hapo simwelewi. Kwa vigasha na gumba sawa, vinafanya kazi kweli.

Ukitaka kujaribu, punguza kilo sana, paka chaki mkononi, na glavu vua maana zinaongeza unene juu ya unene. Zoezi la mpini mnene liweke mwisho wa mazoezi ya siku hiyo, ukianza nalo vidole vitachoka na mgongo hautapata mazoezi yake. Na usilifanyie juu ya kichwa wala juu ya uso, kwa sababu mkono ukiachia huwa unaachia ghafla, haukupi taarifa.