Mganga tunaye, mbona tumekufa?

Kijana mmoja kanitumia picha ya kikosi chake cha Darkest Dungeon, gemu ya kupigana kwa zamu ukiwa na mashujaa wanne waliosimama kwenye mstari, iliyopigwa muda mfupi kabla wote hawajafa. Leper mwenye upanga mkubwa mbele, Crusader, askari wa msalaba, nyuma yake, kisha Vestal, mtawa anayeponya, kisha Vestal mwingine. Chini kaandika: "Kaka, mganga tunaye, tena wawili, mbona tumekufa?" Swali hili nimelijibu mpaka limenichosha. Atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Mmekufa kwa sababu mlikuwa na waganga wawili.

Hesabu zamu. Mashujaa wanne, zamu nne kwa raundi. Vestal mchanga akimponya mmoja anarudisha uhai 4 au 5. Akiwaponya wote, kila mtu anaambulia 1 hadi 3. Ukitumia zamu kuziba kidonda, adui anatumia yake kufungua kingine, na mara nyingi kikubwa kuliko ulichoziba. Adui aliyekufa raundi ya kwanza hana zamu ya raundi ya pili. Wahenga walisema mganga hajigangi. Vestal anajiganga vizuri tu, na bado mnazikwa.

Najua utakachosema: nitabakiza adui mmoja dhaifu, nijiponye taratibu. Waundaji wa gemu waliuona ujanja huo zamani. Ukivuta muda, msongo wa mawazo wa mashujaa unapanda na adui wengine wanaongezwa.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa. Watu wanapanga kikosi kwa majina ya kazi: mmoja wa kupokea mapigo, mmoja wa kupiga, mmoja wa kuponya, kana kwamba wanagawana zamu za usafi. Gemu hii haijali vyeo. Inajali umesimama nafasi ya ngapi na mkono wako unafika wapi. Mtazame yule Leper. Anapiga akiwa nafasi ya 1 au 2 tu (ya 1 ndiyo ya mbele kabisa, ya 4 ya nyuma), na upanga wake unafika nafasi mbili za mbele za adui. Crusader akiwa mbele, pigo lake la kawaida ni hivyohivyo. Ingia nao kwenye magofu, mojawapo ya maeneo ya gemu, ukutane na yule mifupa mwenye kikombe, amejificha nafasi ya 4, anakumwagia msongo raundi baada ya raundi. Nani atamfikia? Unaua wa mbele, maiti inabaki palepale imeziba nafasi, na mwenye kikombe hasogei. Msongo ukifika 100 shujaa anatikisika akili. Ukifika 200 moyo unasimama. Hapo Vestal wako wawili wanaponya uhai ambao haukuwa tatizo.

Mtoe mmoja, muweke Plague Doctor, daktari anayerusha sumu. Guruneti lake la sumu linatua nafasi ya 3 na 4 kwa pamoja, na gesi yake inawaduwaza walewale, wakose zamu. Mifupa ya magofu haivuji damu (ina damu gani?), lakini sumu inaiingia vizuri. Tena adui akimalizwa na sumu haachi maiti. Kasi ya kuanzia ya Plague Doctor, inayosaidia kuamua nani anatangulia, ni 7, ya Crusader ni 1. Maana yake mara nyingi adui wa nyuma anaduwazwa kabla hajagusa kikombe. Zamu uliyomnyima adui ni uponyaji ambao hukuhitaji kuufanya, na hapo ndipo watu wanaponitumbulia macho.

Na raha iko wapi? Weka Highwayman wawili, wanyang'anyi wenye bastola, nafasi ya 1 na ya 2. Wa kwanza anafyatua bastola karibu na uso wa adui, kishindo kinamrudisha nyuma hatua moja, na mwenzake anajikuta mbele. Zamu ya mwenzake ikifika, naye anafyatua, wanabadilishana tena. Hakuna aliyepoteza zamu kwa kutembea. Wakishambuliwa kwa kushtukizwa na safu ikavurugika, yule aliyetupwa nyuma anasonga mbele huku akijiandaa kurudisha kila pigo. Leper akitupwa nafasi ya 4 anatembea tu, kama mzee anayetafuta miwani.

Nikiri jambo. Safari ndefu na mabosi bado naenda na Vestal, mmoja. Shujaa akiishiwa uhai hafi papo hapo, anakaa mlangoni pa mauti, na kila pigo linalofuata huwa na nafasi ya takriban theluthi moja ya kumuua. Uhai 1 tu unamtoa pale. Kwa hiyo ule uponyaji mdogo niliokuwa naudharau huko juu, siku hiyo ndio unaookoa watu watatu kwa zamu moja. Je, ninashinda kwa sababu ya kasi ninayoihubiri, au kwa sababu ya huyo mmoja niliyemficha nyuma? Nimewahi kujaribu kumwacha nyumbani na kuchukua Occultist, mchawi anayeponya kwa bahati nasibu, ambaye uponyaji wake mwanzoni ni kati ya 0 na 13. Nilipata 0, na mgonjwa akaanza kuvuja damu juu yake. Usiku ule sikucheza tena.

Kijana, Leper mwache kama unampenda. Mimi pia nampenda, na kwangu pia anapiga hewa. Lakini Vestal wa pili mtoe leo.