Kuita mapepo katika Ulaya ya Zama za Kati: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi wakisikia habari za uchawi wa Ulaya ya Zama za Kati humfikiria ajuza wa kijijini akikoroga chungu usiku. Kwa kuita mapepo, dhana hiyo haina mashiko. Huu ulikuwa uganga wa kitabu, na vitabu vyenyewe viliandikwa kwa Kilatini. Walioweza kuvisoma na kuvinakili walikuwa watu wa kanisa: mapadri, watawa, na vijana waliokuwa bado masomoni.

Shahidi mzuri ni John wa Salisbury, Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wa Chartres. Katika kitabu alichokimaliza mwaka 1159, anasimulia kwamba utotoni alipelekwa kwa padri kufundishwa Zaburi. Padri yule aliwapaka yeye na mwenzake, aliyemzidi umri kidogo, mafuta matakatifu kwenye kucha, akawataka watazame mng'ao wake na kusema wanachokiona, huku yeye akitamka majina ya kutisha. Mwenzake alisema anaona maumbo kama ya ukungu. John hakuona kitu zaidi ya kucha zake, akaonekana hafai kwa kazi ile. Njia hiyohiyo ya mtoto na ukucha imo katika kitabu cha karne ya 15 kilichohifadhiwa Munich na kuhaririwa na mwanahistoria Richard Kieckhefer; aghalabu ilitumika kumtafuta mwizi.

Husemwa pia kwamba waitaji hao walimwabudu Shetani. Wao wenyewe hawakujiona hivyo. Mwitaji alifunga, akaungama, akasoma zaburi, akaingia ndani ya mduara, kisha akayaamrisha mapepo kwa majina ya Mungu. Maneno yake yanakaribiana mno na ya kupunga pepo kanisani, ila kanisani pepo anafukuzwa na kwa mwitaji anaitwa aje atumwe. Hilo haliwasafishi hata kidogo. Kitabu cha Munich kina kafara ya hudihudi, ndege yuleyule wa kisa cha Nabii Suleimani, na kina kazi za kumlazimisha mwanamke apende na za kuwagombanisha marafiki. Thomas Aquinas, mwanatheolojia mkubwa wa karne ya 13, alishikilia kwamba kutumia mapepo ni kufanya nayo mapatano, hata kama mtu hajatamka ahadi yoyote, na mwaka 1398 wanatheolojia wa Paris walizilaani hoja 28 za uganga huu.

Kuna na hii ya "siri za Suleimani" zinazouzwa mitandaoni kana kwamba zimetoka mkononi mwake. Nakala nyingi tulizonazo za Ufunguo wa Suleimani, kitabu cha uganga kinachobeba jina lake, ni za baada ya Zama za Kati, na orodha mashuhuri ya mapepo 72 ilikusanywa kitabuni Uingereza karne ya 17. Chimbuko la Kiarabu, ambalo Ulaya ilichota kwalo sana, hutajwa kwa nadra: Ghayat al-Hakim, kazi ya uganga iliyoandikwa Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, ilitafsiriwa kwa amri ya mfalme Alfonso wa 10 wa Castilla katika miaka ya 1250, ikajulikana kwa jina la Picatrix.

Wala waitaji hawa sio waliojaza mioto ya kuchomea wachawi. Mwaka 1323 kilichochomwa Paris kilikuwa kitabu cha sala za kuomba elimu cha mtawa John wa Morigny. Msako mkubwa wa wachawi ulikuja baadaye, takriban kati ya 1560 na 1650, na wengi waliouawa walikuwa wanawake wasiojua hata kusoma.